Gramu Haiji Peke Yake

Nina malalamiko, na leo si ya foleni wala bei ya nyanya. Nalalamikia ndege. Sizungumzii zile kubwa zinazokukalisha uwanjani nusu siku bila maelezo. Nazungumzia ya kwangu, ya foma, yenye mabawa ya mita moja na sentimita ishirini, inayokwenda kwa betri na kuongozwa kwa rimoti. Wenzangu wa rika hili wanafuga kuku. Kuku akiongezeka uzito, mwenye kuku anafurahi. Ndege ikiongezeka uzito, kinachopanda ni gharama tu, yenyewe inashuka.

Tuanze na katoni. Juu yake pana picha ya ndege inapasua mawingu. Ukifungua unakuta kiwiliwili, mabawa mawili, mkia, mota ndogo, sevo nne za gramu tisa tisa za kuchezesha vibawa na usukani, na kifuko cha skrubu ambacho siku zote kimepungua moja. Rimoti haimo. Risiva haimo. Betri haimo, chaja nayo haimo. Umenunua ndege, isipokuwa vile vinavyoirusha.

Kitabu cha maelekezo nacho kina haraka zake. Hatua ya tatu inaonyesha mkono mmoja ukichomeka bawa la kushoto. Hatua ya nne inaonyesha ndege imekamilika, imesimama kwenye nyasi, na mwenye mkono ameshaondoka. Kilichotokea katikati ni siri yake na mwenye kiwanda.

Kuhusu betri, sikilizeni mambo. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kuwa shehena kwenye ndege ya abiria. Sababu wanayo: zikishika moto kule juu, hakuna wa kukimbia naye. Sibishi. Ila matokeo yake ni kwamba betri ya ndege haipandi ndege. Yangu ilikuja kwa meli, ikapita bandarini, ikapanda lori, ikamalizia na bodaboda. Imeonja kila usafiri wa dunia hii isipokuwa ule iliotengenezewa.

Na ikishafika, inataka kulelewa. Seli moja ikijaa ni volti 4.2; usivushe hapo. Ikishuka chini ya volti 3 imeharibika. Ukitaka kuiweka kabatini wiki nzima, iache kwenye 3.8, isiwe imejaa wala isiwe imeisha. Usipoyafuata masharti, inavimba. Ukiizidishia dharau, inawaka. Ndiyo maana naichajia barazani, ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, nikiwa nimekaa pembeni kwenye kigoda. Saa nzima ya kuchaji kwa dakika nane za kuruka. Mama watoto anasema hajapata kuona mtu mzima anayelinda sufuria isiyo na chakula.

Gundi nayo ina vituko vyake. Muuza duka la vifaa vya ujenzi aliniapia kwamba supaglu yake inashika hadi chuma. Sikuwa na chuma, nilikuwa na foma. Nikaidondoshea kwanza kwenye kipande cha ile foma nyeupe ya katoni ya TV. Haikushika, ilichimba. Tone moja likafanya shimo, shimo likapanuka, mwisho ukabaki mdomo mweusi unaonuka. Foma ya ndege za kiwandani ni ya aina nyingine, inavumilia, lakini ukiziba pengo kwa ile ya TV unajiundia ndege inayojila yenyewe. Nilipomrudia muuza duka, akaniambia kwa upole kabisa: “Mzee, mimi nilisema chuma.”

Basi watu hukimbilia gundi ya moto, ile ya vijiti inayoyeyushwa kwa bunduki yake. Inashika vizuri na haili foma. Tatizo ni kwamba kilichoyeyuka kwa joto kinayeyuka tena kwa joto. Ukiiacha ndege ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, mchana wa Dar es Salaam mwezi wa pili, ukirudi unakuta kila kiungo kimelegea, na mota imeinamisha kichwa.

Baada ya gundi, unatafuta mizani. Bawa langu lina upana wa sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na ndege inatakiwa ilale sawa ukiishika kwa ncha za vidole viwili, sentimita 6 tu nyuma ya ule ukingo wa mbele. Pua ikizidi, ndege inainama inainama lakini inasikia unachoiambia. Mkia ukizidi, hakuna mazungumzo: unavuta kidogo, inainua pua, inakosa mwendo, inadondokea bawa moja. Kwa hiyo unasogeza betri mbele kidogo, nyuma kidogo, unanyanyua kwa vidole, unashusha, unasogeza tena, sebuleni, watoto wakipita na kuuliza kama baba anaomba dua.

Hayo yote niliyavumilia, na naomba liingie kwenye kumbukumbu: ndege hii ilikuwa inaruka. Ilikuwa na gramu 700 pamoja na betri yake. Ilikuwa ikipanda taratibu, ikigeuka taratibu, ikitua taratibu kwenye nyasi na kusimama. Mtu wa umri wangu hahitaji zaidi ya hapo. Ndipo akaja mpwa wangu, kijana wa chuo, na zawadi mfukoni.

“Mjomba, shikamoo. Hii ya kwako haina nguvu. Nimekuletea mota.”

Mota yenyewe imeandikwa 2212, maana yake kiini chake cha nyaya ndani kina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 12. Chini yake imeandikwa KV 1000. Jirani yangu, fundi umeme, alipoisoma akarudi nyuma hatua mbili. Kwake KV ni kilovolti, na zile laini kubwa kabisa za gridi yetu ni za KV 400. Sasa huyu mtu ana elfu moja mezani, pembeni ya chupa ya chai! Ikabidi mpwa wangu amtulize. Kwenye mota hizi, KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikizunguka bure bila mzigo. Betri ya seli tatu ina volti 11.1, kwa hiyo mizunguko 11,100 kwa dakika. Jirani hakurudi karibu. Alisema hata hiyo inatosha kuua mtu.

Sasa fuatilia ukoo. Mota kubwa haizungushi propela ya inchi 8. Inataka ya inchi 10. Propela ya inchi 10, ndege ikiwa chini, inakwangua ardhi, kwa hiyo miguu irefushwe. Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikanunua spoki, nikazikunja, nikafunga magurudumu makubwa. Mota kubwa inakula umeme mwingi, kwa hiyo kile kibao cha kudhibiti mwendo, ambacho mafundi wanakiita ESC, kilichokuwa cha ampea 20, kikaondoka kikaingia cha 30. Na umeme mwingi unataka tangi kubwa: betri ya miliampea-saa 1300 ikastaafishwa, ikaingia ya 2200. Kila aliyeingia aliingia na gramu zake, na kila gramu ilibisha hodi ikiwa imemshika mwenzake mkono.

Gramu hizo nilizipima kwa mzani wa jikoni, ambao ni mali ya mama watoto. Yeye anautumia kupimia unga wa keki za watu, keki za kulipiwa. Jioni moja akausimamisha mbele yangu kama kielelezo mahakamani.

“Baba, mzani wangu una gundi.”

“Ni kidogo tu.”

“Unasoma gramu nne na hauna kitu juu yake.”

Gramu nne! Nilimwambia kwa dhati kwamba ndiyo maana ndege haikuwa ikijumlika sawa tangu asubuhi. Hakulipokea jibu hilo kwa namna niliyolitoa.

Kulehemu ndiko kulikonimaliza. Betri kubwa inakuja na plagi ya njano, pini zake mbili za rangi ya dhahabu, na kibao kipya kinakuja na nyaya zilizo uchi. Lazima ziungwe. Nikampelekea fundi simu wa pale kituoni, kijana hodari, anayetoa chipu ndogo kuliko punje ya ufuta akaitia nyingine huku akibishana habari za mpira. Akaweka ncha yake ya sindano kwenye waya wangu. Risasi ikakataa kuyeyuka. Waya mnene wa shaba unakunywa joto lote, na pini nayo inakunywa, kwa hiyo ncha ndogo inabaki kuomba. Akakandamiza. Akakandamiza zaidi. Kilichoyeyuka ni plastiki ya njano. Pini moja ikaegemea upande, ikabaki inatazama barabarani.

“Itaingia tu, bosi. Lazimisha.”

Nikaihamishia kwa mzee mmoja fundi redio, wa zamani zile za redio za mbao. Ana chuma cha kulehemia kinene kama kidole gumba. Kwanza akachukua plagi nzima ya kike, akaichomeka kwenye ile ya kiume, ili pini zisimame wima hata plastiki ikilainika. Akapaka risasi kwenye waya peke yake, akapaka kwenye pini peke yake, kisha akavikutanisha, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa chuma. Risasi ikang'aa, ikatulia. Kazi ya muda wa kumeza mate. Na hotuba yake ya muda wa kuiva maharage, kuhusu vijana wa siku hizi wanaotaka kuchemsha bahari kwa kiberiti.

Tukajaribu mota pale pale. Ikazunguka kinyumenyume, inapuliza mbele badala ya nyuma. Kijana wa simu, aliyekuwa amefuata kuona mwisho wa kesi yake, akataka kugeuza nyaya za betri, chanya iwe hasi. Mzee akampiga kofi la mkono. Ukifanya hivyo unakichoma kibao kizima. Mota hizi zina nyaya tatu; badilisha mbili zozote nafasi, inageuka yenyewe. Akabadilisha. Ikageuka. Kijana akasema alikuwa anataka kusema hivyo hivyo.

Nilidhani tumemaliza. Mpwa wangu akanikumbusha kwamba propela ikizunguka upande mmoja, ndege nayo inataka kujipindua upande wa pili. Kwa mota ndogo hali hiyo ilikuwa ya kuzungumzika. Kwa hii, ukiongeza moto inakimbilia kushoto. Dawa yake ni kuielekeza mota kulia kidogo, nyuzi mbili au tatu, kwa kuweka washa za chuma chini ya skrubu za upande wa kushoto. Washa hizo zina uzito. Na ziko puani, sehemu ambayo tayari ilikuwa imebeba mota kubwa, propela kubwa, kibao kikubwa na betri kubwa. Nikainyanyua kwa vidole viwili pale kwenye sentimita 6. Ikaniinamia kwa heshima zote hadi pua ikagusa meza.

Betri haikuwa na pa kurudi nyuma. Ikabidi tuweke uzito mkiani. Hesabu yake ni ya mizani ya sokoni: gramu 10 zilizokaa sentimita 60 nyuma ya kitovu zinamtosha mtu wa gramu 60 aliyekaa sentimita 10 mbele. Tukabandika sarafu za shilingi mia tano kwa gundi ya karatasi, moja moja, mpaka ndege ikalala sawa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu naweza kusema nimewekeza kwenye usafiri wa anga.

Mzani, baada ya kusuguliwa, ukasoma kilo moja.

Hapa ndipo napata uchungu. Watu wa fani hii wamehangaika na uzito tangu siku ya kwanza. Mwaka 1957, huko Uingereza, Kanali H. J. Taplin aliirusha Radio Queen, ndege ya mfano ya umeme iliyoongozwa kwa redio, kwa betri za fedha na zinki. Betri yake ilikuwa na fedha; yangu imenimalizia. Baadaye zikaja betri za nikeli na kadimi, nzito mno, ndege zikawa zinapanda kwa kusuasua. Halafu sumaku zenye nguvu, mota zisizo na brashi, na lithiamu. Ndipo kipande cha foma kikaweza kupanda wima. Zaidi ya miaka 60 wataalamu wamekesha wakipunguza gramu, ili mpwa wangu aje azirudishe mchana mmoja.

Na uzito hausamehe wakati wa kutua. Ndege ikitoka gramu 700 ikafika 1000, mwendo wa chini kabisa inaoweza kuruka bila kudondoka unapanda kwa karibu asilimia 20. Yaani zamani ilikuwa ikitua kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Sasa inatua kwa mwendo wa mtu anayedaiwa.

Tukaenda Kigamboni alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka, kwenye uwanja mtupu wenye minazi upande mmoja. Vibali nilikuwa navyo kwenye bahasha, maana chombo kisicho na rubani hakirushwi hivi hivi nchini. Hakuna aliyeviulizia. Walioulizwa maswali ni sisi, na ni yale yale ambayo nayajua kwa moyo: Inapiga picha? Inaweza kufika Zanzibar? Ukiiangusha unalipwa? Mzee mmoja wa makamo akatazama sana, akatikisa kichwa, akasema hela hiyo ingetosha mbuzi wawili. Nikamsihi apunguze sauti, mama watoto ana masikio marefu.

Mpwa wangu akashika rimoti. Alitaka kunionyesha. Nakiri ilipaa: sekunde chache tu ikawa juu ya minazi, ikiunguruma kwa hasira. Kunguru wakaiona. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, na tangu hapo wanajiona maofisa wa anga yote ya pwani. Wakaja wanne wakiifuata mkia, wakipiga kelele, bila shaka wakiulizia vibali.

Kijana akaamua kushusha. Ndege ikija kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Hilo kila mwenye rimoti analijua akiwa amekaa kwenye kiti. Ikaja kasi, ikapita uwanja wote bila nia ya kusimama, akaigeuza, ikageukia minazi, ikaingia katikati ya makuti na kunyamaza.

Akaitwa mkwezi. Mkwezi kwa kawaida analipwa kwa mnazi, na bei inajulikana. Akatazama juu, akatazama viatu vyangu, akasema bei ile ni ya nazi. Hii ni mali ya umeme. Tulipatana kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu niliyokwisha kuieleza kuhusu masikio. Akapanda kwa ustadi ambao ningeupongeza siku nyingine. Nikamwita kwa chini: “Kaka, shuka nayo!” Akajibu mikono yake yote miwili ni ya mti. Kisha akafanya anachofanya siku zote na kitu kilichoko juu ya mnazi: akaangua.

Pua ilivunjika, sarafu zikatawanyika. Watoto walizirudisha. Zilipungua moja, na sikuhoji, nikijua ni ada ya uwanja.

Sasa ndege iko juu ya meza ya kulia chakula, imeungwa kwa gundi na utepe wenye nyuzi, ambavyo navyo nimevipima. Mpwa wangu ameizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari bingwa. Anasema shida si mota, mota haina kosa lolote. Shida ni bawa: kwa uzito huu bawa ni dogo. Anashauri tulirefushe lifike mita moja na nusu. Bawa la hivyo litajikunja angani, kwa hiyo litahitaji mrija wa kaboni ndani. Likiwa na mrija halitaingia kwenye bajaji, kwa hiyo tutafute usafiri mwingine. Mama watoto, aliyekuwa anapita na sahani, ameuliza hiyo meza itarudi lini kuwa meza. Mpwa wangu amesema inategemea. Anajua mtu anauza mota nzuri zaidi.

Basi nawaomba nyinyi wenye ndugu wakarimu. Akikupigia simu kwamba anakuja na zawadi ya mota, mwambie alete sukari. Kilo mbili za sukari ni nzito mara mbili ya ndege yangu, lakini hazijawahi kumdai mtu mkia.